Jean-Michel Basquiat: mchoraji aliyelelewa na wanamuziki

Sisi wa isimu tumezoea kusoma waandishi na washairi. Wachoraji tunawaachia wenzetu wa sanaa. Mimi nilimfikia Jean-Michel Basquiat kwa njia ya maneno. Hapa Lubumbashi tumekua tukiona maandishi ndani ya picha. Tshibumba Kanda Matulu aliandika Kifaransa kwenye picha zake za historia ya nchi, kisha akazisimulia kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian. Nikitafuta wachoraji wengine wenye tabia hiyo, nilikutana na kijana wa New York ambaye picha zake zimejaa maneno yaliyorudiwa, yaliyopigwa mstari, yaliyoachwa nusu. Nilipofuata maisha yake niliona kwamba hatuwezi kuyaelewa maneno hayo tukiwaacha nje marafiki zake, na wengi wao walikuwa watu wa muziki.

Alizaliwa Brooklyn tarehe 22 Desemba 1960. Baba yake, Gérard, alitoka Haiti. Mama yake, Matilde, alizaliwa Brooklyn na wazazi wa Puerto Rico. Akiwa bado mtoto alisema Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Mama ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kuona picha. Alipokuwa na miaka sita alikuwa tayari mwanachama mdogo wa Jumba la Makumbusho la Brooklyn. Mwaka 1968 aligongwa na gari akicheza barabarani. Alivunjika mkono, akatolewa wengu, na pale kitandani mama akamletea kitabu cha anatomia kiitwacho Gray's Anatomy. Mafuvu, mifupa na majina ya viungo vya mwili havikumtoka tena kichwani. Mwaka huohuo wazazi walitengana, na baadaye mama akaugua ugonjwa wa akili, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini.

Kalamu yake ya kwanza kujulikana ilikuwa kopo la rangi. Pamoja na mwanafunzi mwenzake Al Diaz alibuni jina la SAMO, na chini ya jina hilo wakaandika misemo ya dhihaka kwenye kuta za Manhattan. Mwaka 1978 aliacha shule bila kumaliza, akaondoka nyumbani. Alilala kwa rafiki huyu leo, kwa yule kesho, akauza kadi za posta na fulana alizozichora mwenyewe. Urafiki na Diaz ulipovunjika, aliandika ukutani kwamba SAMO amekufa.

Mwaka 1979 yeye na Michael Holman walianzisha bendi ambayo mwishoni iliitwa Gray, jina la kile kitabu cha hospitalini. Basquiat alipiga klarineti na sintesaiza bila kufundishwa na mtu. Alichukua tupa ya chuma akaikwaruza kwenye nyuzi za gitaa. Holman alibandika utepe wa gundi juu ya ngoma, kisha akaubandua ili usikike ukichanika. Walikwepa ufundi kwa makusudi. Walitaka kila sauti isikike kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Walipiga katika Mudd Club na CBGB, mahali ambapo wachoraji, waigizaji na wanamuziki walikutana usiku na kukopeshana kila kitu: pesa, malazi, mawazo.

Marafiki hao walimtunza kabla soko halijamjua. Alipoigiza katika filamu iliyotoka baadaye kwa jina la Downtown 81, hakuwa na pa kulala, akawa analala katika ofisi ya watengenezaji. Debbie Harry wa bendi ya Blondie alinunua moja ya picha zake za mwanzo kwa dola 200. Mwaka 1981 Blondie walipotengeneza video ya wimbo wao Rapture na Grandmaster Flash hakutokea, Basquiat ndiye aliyesimamishwa nyuma ya sahani za santuri.

Hapa niseme jambo langu. Ninakaa nyumba moja na kijana wa orkestra. Jioni moja umeme umekatika, nilimsomea kwa sauti maneno niliyoyanakili kutoka picha moja ya Basquiat, huku nikilalamika kwamba sioni sintaksia yake. Akaanza kuyapigia meza. Kila neno liliporudi, mkono wake ulirudi palepale. Tangu hapo nimeacha kuitafuta sentensi. Katika Horn Players ya mwaka 1983, Charlie Parker yuko upande mmoja na saksafoni, Dizzy Gillespie upande wa pili na tarumbeta, na kati yao majina yanajirudia, likiwemo la binti wa Parker aliyefariki mdogo. Maneno mengine yamepigwa mstari. Nayo kwa kupigwa mstari yanavuta jicho zaidi. Ni kazi ya mtu aliyezoea kusikiliza wenzake wakipiga, akijua pa kuingia na pa kunyamaza.

Sifa zilikuja haraka. Mwaka 1981 alionyesha kazi zake katika P.S.1, mwaka 1982 alishiriki Documenta ya Kassel, Ujerumani, akiwa na miaka 21. Bendi aliiacha, lakini si muziki: mwaka 1983 alitoa santuri ya Beat Bop ya Rammellzee na K-Rob, na jalada akalichora mwenyewe. Mwaka huohuo mchoraji kijana mweusi, Michael Stewart, alifariki baada ya kukamatwa na polisi kwa kuandika ukutani katika kituo cha treni. Basquiat, ambaye alianzia kwenye kuta zilezile, alichora kifo hicho kwenye ukuta wa studio ya rafiki yake Keith Haring. Haring aliukata ukuta ule, akaitundika picha juu ya kitanda chake.

Wanunuzi waliongezeka, na heroini nayo. Maonyesho yake ya pamoja na Andy Warhol, mwaka 1985, yalipokelewa vibaya na wahakiki, na urafiki wao ukapoa. Mwaka 1986 alionyesha picha zake Abidjan. Warhol alifariki Februari 1987, na Basquiat akazidi kujitenga. Mwanzoni mwa 1988, huko Paris, alikutana na Ouattara Watts, mchoraji wa Côte d'Ivoire, wakapanga kwenda pamoja nyumbani kwa Ouattara. Safari haikufika. Tarehe 12 Agosti 1988 Basquiat alikutwa amekufa katika studio yake, mtaa wa Great Jones. Alikuwa na miaka 27, mitatu tu zaidi yangu.

Mwaka 2017 fuvu alilolichora mwaka 1982 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 110. Wengi huanza na bei hiyo. Mimi naona ile ya dola 200 inatufundisha zaidi, maana ililipwa na mtu aliyemjua. Kwa wenzangu wanaotayarisha kazi ya kumaliza masomo juu ya maandishi katika picha za mji wetu, nina ombi moja. Mkishanakili maneno na kuyachambua, mwulizeni mchoraji anakaa na nani jioni, na ni muziki gani unaopigwa hapo. Kisha yasomeni maneno hayo kwa sauti.