Tafakari ya Jumapili: Moto uleule, mawe mawili

Leo nakuomba tuanzie safari yetu Mafia.

Ukishuka bandarini Kilindoni kutoka Nyamisati, inama uokote jiwe. Utakalolipata ni tumbawe, jeupe, lenye vitundu vingi. Vuka uende Chole, Juani au Jibondo, utaokota lilelile. Ile graniti ya Mwanza na Dodoma, ambayo wengine huiita matale, hutaikuta. Kisiwa kimekaa juu ya mchanga na mawe ya chokaa yaliyojengwa na viumbe wa baharini.

Wazee wa pwani walipotaka kujenga, walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakawasha moto. Moto ulipozima, jiwe lilikuwa limelegea. Lilipomwagiwa maji likasambaratika kuwa unga mweupe, na unga huo ndio chokaa. Kuta za mji wa kale wa Kua, ambao magofu yake yako kisiwani Juani hadi leo, zilijengwa kwa mawe na chokaa ya namna hiyo.

Sasa tazama ng'ambo. Mkabala na Mafia ndipo Mto Rufiji unapomwaga maji yake baharini kupitia delta yenye mikoko. Panda na mto huo, ingia Kilombero, ufike milima ya Mahenge. Huko kuna miamba ambayo zamani sana, kabla ya kuwapo hata samaki, ilikuwa chokaa ya bahari. Nayo ilipata moto, tena moto mkali. Lakini haikuwa unga. Imekuwa marumaru, na ndani ya marumaru hiyo watu wanachimba spineli, vito vyekundu vinavyotafutwa dunia nzima.

Jiwe la Mafia na lile la Mahenge ni ndugu. Yote mawili yalipitia moto. Kwa nini moja likawa unga na jingine likawa marumaru yenye vito? Lishike swali hilo, nami nikusimulie maisha ya mtu mmoja.

Jina lake unalitaja bila kujua. Yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayejaa Serengeti, tunamwita swala tomi. Hiyo tomi ni Thomson. Na maporomoko ya maji ya Nyahururu kule Kenya yalibeba jina lake kwa miaka mingi. Ni Joseph Thomson, aliyezaliwa Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na baadaye akashika machimbo ya mawe mekundu ya mchanga. Kijana Joseph alikulia humo, kati ya nyundo, patasi na vumbi jekundu.

Nabii Isaya, katika sura ya 51, anawaambia watu wa Mungu wautazame mwamba ambao walichongwa kutoka kwake. Joseph alikuwa mtoto wa mwamba kwelikweli. Alianza kuuliza maswali kuhusu mawe kabla hajaota ndevu, na maswali hayo yakampeleka Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa mwalimu Archibald Geikie.

Edinburgh ulikuwa mji wa James Hutton, aliyefariki mwaka 1797. Wakati wake wasomi wengi waliamini kwamba graniti ilitulia kutoka kwenye maji ya bahari ya kale, kama chumvi inavyobaki sufuria ikikauka. Mwaka 1785 Hutton alikwenda bonde la Glen Tilt akaona mishipa ya graniti nyekundu imepenya na kukata mwamba mwingine. Maji hayafanyi hivyo. Akatambua kwamba graniti ilikuwa uji wa moto ulioingia kwenye nyufa, kisha ukaganda.

Leo tunajua kwamba uji huo hupoa kilomita nyingi chini ya ardhi, kutoka nyuzi joto zipatazo 700, na hupoa polepole mno. Ndiyo maana ukiitazama graniti unaona punje kubwa zinazong'aa: zilipata muda wa kukua. Lava inayotoka volkano na kupoa hewani kwa haraka haina punje kubwa, na wakati mwingine huwa kama kioo cheusi.

Hutton alikuwa na rafiki, Sir James Hall. Huyu alichukua unga wa mawe ya chokaa, akausindilia ndani ya mtutu wa bunduki, akaziba kwa nguvu, akautia tanuruni. Mitutu mingi ilipasuka. Lakini ile iliyostahimili, alipoifungua, hakukuta unga uliolegea. Alikuta kitu kigumu kinachofanana na marumaru.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Tumbawe likichomwa wazi, hewa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoroka, na jiwe huvunjika. Likichomwa huku limebanwa pande zote, hewa haipati pa kutokea, na jiwe hujipanga upya kuwa marumaru. Kilomita 10 chini ya ardhi, uzito wa miamba hubana zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa inavyotubana hapa juu. Moto ni uleule. Tofauti ni kama jiwe lilikuwa limeshikwa au halikushikwa.

Turudi kwa Joseph. Mwaka 1879, akiwa hajatimiza miaka 21, alifika Zanzibar kama mwanajiolojia wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Kiongozi alikuwa Keith Johnston, na mkuu wa wapagazi alikuwa James Chuma. Mwezi Mei msafara wa watu wapatao 150 ukaondoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, ukipita nchi ya Rufiji. Tarehe 28 Juni, mahali paitwapo Behobeho, ndani ya bonde la mto uleule unaomwaga maji yake mbele ya Mafia, Johnston akafa kwa kuhara damu.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Kijana wa miaka 21, ambaye hajawahi kuongoza safari yoyote, yuko kando ya kaburi bichi. Pwani iko nyuma yake, safari ya wiki chache. Mbele ni nchi asiyoijua, lugha asizozijua na homa ambayo yeye mwenyewe tayari anayo. Kurudi isingekuwa aibu. Hakuna ambaye angemlaumu.

Akaamua kusonga mbele. Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo na kusifu ujasiri wake. Mimi nakuomba tumtazame na aliyesimama pembeni yake.

James Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, na mwaka 1861 akaokolewa na Dr. Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Akabatizwa kule Bombay, India. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi ndio walioongoza kazi ya kuubeba mwili wake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Basi, kabla ya Behobeho, Chuma alikwishasimama kando ya bwana aliyekufa porini na kujua la kufanya kesho yake. Kijana wa Scotland alikuwa motoni, ni kweli, lakini alikuwa ameshikwa. Alishikwa na Chuma, na alishikwa na wapagazi ambao wengi wao majina yao hatuyasomi popote.

Msafara ulifika Nyasa, ukafika Tanganyika, ukaliona Ziwa Rukwa, ukapita Tabora na kurudi Bagamoyo mwaka 1880. Thomson alisafiri bila kumwaga damu ya wenyeji, jambo ambalo si wasafiri wote wa enzi hizo waliweza kulisema. Alipenda methali moja ya Kiitaliano ambayo maana yake sisi tunaijua: haraka haraka haina baraka. Mtoto wa machimbo alijua kwamba punje kubwa za graniti hazikui kwa siku moja.

Mwaka uliofuata alipata moto wa aina nyingine. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amesikia kwamba kando ya Mto Ruvuma kuna makaa ya mawe. Meli za moshi zilihitaji makaa, na makaa yalikuwa utajiri. Akamwajiri Thomson akayatazame. Thomson akaenda, Chuma akiwa naye, akafika mahali palipotajwa, akavunja mwamba na kuutazama. Ulikuwa mweusi, lakini ulikuwa tope la kale lililogandamana, lenye mafuta kidogo tu ndani yake. Haukuwa makaa.

Makaa ya mawe hutokana na miti na majani yaliyofukiwa na kugandamizwa kwa muda mrefu mno. Mkandamizo hauwezi kutoa kisichokuwamo. Ukiligandamiza tope utapata mwamba wa tope. Nchi ya Ruvuma inayo makaa kweli, na leo yanachimbwa kule Ngaka, Mbinga, lakini ni mbali na pale alipotumwa.

Afanye nini? Aliyemlipa alitaka kusikia neno moja tu. Thomson angeweza kusema labda, akaomba fedha za safari ya pili. Alirudi akasema hakuna makaa. Sultani hakufurahi, na kazi ikaishia hapo. Wewe unayeandika ripoti ofisini, au unayepima kiwanja huku mwenye fedha amesimama nyuma yako, unajua mkandamizo huo. Hapo ndipo inapoonekana kilichomo ndani ya mtu.

Simwinui Thomson kuwa malaika. Mwaka 1883, alipopita nchi ya Wamasai hadi Ziwa Victoria, alijifanya mganga mkubwa kwa kung'oa na kurudisha meno yake ya bandia mbele ya watu. Baadaye alitia saini mikataba huko Sokoto kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga. Safari za namna hiyo zilifungua mlango wa kutawaliwa kwetu. Mtu aliyesema kweli mbele ya Sultani alitumikia pia tamaa za wakubwa wa kwao. Mawe ya Mungu yana nyufa.

Wala moto haukumwacha salama. Siku ya mwisho ya mwaka 1883 nyati alimpiga pembe. Baadaye kuhara damu kukamlaza kwa wiki nyingi, na wapagazi wakambeba. Hakurudia afya yake ya mwanzo. Tarehe 2 Agosti 1895 alifariki London, akiwa na miaka 37. Chuma alikwishatangulia, mwaka 1882, kule Zanzibar.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya sentensi moja tunayoitumia vibaya makanisani. Mama amezika mtoto. Tunamwendea na kumwambia kwamba Mungu anampitisha motoni ili awe dhahabu safi, tunasali dakika mbili, tunaondoka. Ni kweli Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anailinganisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto. Lakini barua ile aliiandikia jumuiya, na katika sura ya pili anawaita mawe hai yanayojengwa pamoja. Hakumwandikia mtu mmoja aliyeachwa peke yake juu ya magogo yanayowaka.

Moto peke yake haumjengi mtu. Muulize mchoma chokaa. Jiwe lililo wazi, lisiloshikwa na chochote, likipata moto hupoteza kilichomo ndani yake na kuwa unga. Yule mama hahitaji kuambiwa habari za moto, anaujua kuliko wewe. Anahitaji kushikwa. Anahitaji mtu wa kurudi wiki ya tatu baada ya matanga, wakati turubai limeondolewa na viti vimerudishwa, akae naye barazani hata bila kuongea. Anahitaji Chuma wake, mtu aliyewahi kusimama kando ya kaburi na anayejua kwamba kesho yake kuna mizigo ya kufunga na njia ya kwenda.

Na kama leo ni wewe uliye unga, kwa sababu ulipoungua hapakuwa na aliyekushika, usijidharau. Nenda Kua ukatazame magofu. Yale mawe yaliyoungua yakawa chokaa ndiyo yaliyoyashikamanisha mengine. Waliovunjika kabisa ndio mara nyingi wanaojua kuwashika wenzao. Bwana wetu mwenyewe alivunjwa, na kwa kuvunjwa kwake sisi tunashikamana.

Basi wiki hii fanya jambo moja. Kumbuka mtu mmoja aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, au aliyesema kweli akaadhibiwa, ambaye watu wameacha kumtembelea. Usimpelekee hubiri. Jipeleke wewe.

Tuombe: Ee Mungu, mwamba wetu, wewe uliyetuchonga, tushike tunapoungua, na utufanye mikono yako kwa wanaoungua peke yao. Kwa jina la Yesu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.