Johannes Rebmann: mgeni aliyepitishwa Taita na watu wa kila asili

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, Bura na Maktau, na mawingu yakiondoka huuona Kilimanjaro mbele yake ukiwa na kilemba cheupe. Leo ni jambo la kawaida. Lakini yuko mtu aliyechekwa kwa miaka mingi kwa kusema kwamba ameuona weupe huo.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyezaliwa Gerlingen mwaka wa 1820. Alifika pwani yetu mwaka wa 1846, akaishi Rabai pamoja na mwenzake Ludwig Krapf, wakiwa wametumwa na chama cha misheni cha Waingereza.

Mwezi wa Oktoba 1847 alifunga safari mpaka mlima wa Kasigau, ambao zama zile wageni waliuita Kadiaro. Mwaka uliofuata akavuka nyika tena, yeye mwavuli mkononi, wachukuzi wake nyuma. Aliyeongoza msafara huo ni Bwana Kheri, Mswahili na Mwislamu, aliyezijua njia za bara. Tazama basi ajabu yake: mhubiri wa Injili aliyeuona Uislamu kuwa mpinzani wa kazi yake, alitia maisha yake mikononi mwa Mwislamu, naye akamfikisha salama na kumrudisha.

Nchi waliyoipita ilikuwa ya mchanganyiko. Wazee wa Taita husimulia koo zilizotoka Pare, Usambara, Ukambani na upande wa pwani. Msitu wa Taveta, kando ya mto Lumi, ulikuwa kimbilio: humo waliingia Wapare, Wachaga, Wakamba, Wataita na hata Wakwavi, wakaoana mpaka wakawa kabila moja. Anayetafuta Mtaveta wa damu moja atatafuta sana.

Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, akajibiwa kuwa ni baridi. Baadaye wenyeji wakamwambia kwamba watu waliwahi kupanda wakidhani ni fedha, nayo ikageuka maji. Hapo akasadiki kuwa ni theluji.

Habari zilipochapishwa mwaka wa 1849, mabingwa wa London walikataa. William Desborough Cooley, ambaye hakukanyaga nchi hii, alizidi wote kwa dhihaka. Mpaka alipokuja Baron von der Decken, mwaka wa 1861 na tena 1862, ndipo neno la Rebmann likathibitishwa.

Safari yake ya tatu ya Uchagani, mwaka wa 1849, ilikuwa ya msiba. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya bidhaa zake, naye akarudi Rabai mikono mitupu. Tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kusikiliza. Yeye na Jakob Erhardt waliwauliza wafanya biashara na watumwa waliotoka bara, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno. Walikosea, maana maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini ramani hiyo ndiyo iliyowavuta Burton na Speke kuja mwaka wa 1857. Vilevile, kwa msaada wa Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa mtumwa Mombasa, alitunga kamusi ya Kinyasa.

Asidhaniwe kuwa alikuwa malaika. Alikuwa mtu mkali wa imani, na mila nyingi za wenyeji alizihesabu kuwa giza. Waliobatizwa naye walikuwa wachache sana. Mkewe Emma, Mwingereza, alifariki mwaka wa 1866. Macho yake mwenyewe yakafifia mpaka akawa karibu kipofu, na mwaka wa 1875 akarudishwa kwao baada ya miaka 29. Akafa Korntal mwezi wa Oktoba 1876.

Msomaji na apime. Cooley alikuwa na vitabu, akakosa kwa kuwadharau walioona. Rebmann alipata kwa sababu alimsikiliza Mswahili, Mchaga na mtumwa wa Nyasa. Hao nao walimvumilia mgeni aliyekuja kuwapinga, wakampa maji, njia na maneno yao. Katika Taita Taveta, ambako karibu kila ukoo una babu aliyewahi kuwa mgeni, uvumilivu huo si jambo la kufundishwa na mtu wa mbali. Ni urithi, na urithi usipotunzwa hupotea.