Thomas Odhiambo, rafiki wa wakulima

Thomas Odhiambo alizaliwa Mumias, katika nchi ya Kenya, mwaka wa 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere katika Uganda. Baadaye alivuka bahari, akajifunza elimu ya wadudu huko Cambridge, Uingereza. Mwaka wa 1965 alipata cheo cha daktari wa elimu, akarudi kwao.

Ninyi watoto mwajua taabu ya shamba. Mama analima, anapanda mahindi, anapalilia. Kisha viwavi wanatoboa mabua, na wakati wa mavuno ghala ni tupu. Wengi walitegemea sumu tu. Lakini sumu ni ya bei kali, nayo huua hata nyuki. Odhiambo aliona afadhali kumjua adui kwanza: anaona nini? Ananusa nini?

Basi mwaka wa 1970 alianzisha Nairobi nyumba kubwa ya kuchunguza wadudu. Makao yake huitwa Duduville, maana yake mji wa wadudu. Vijana wa nchi nyingi za Afrika walikuja kujifunza humo.

Mdudu hana pua kama yetu. Hunusa hasa kwa vipapasio vya kichwani. Mbung'o, yule inzi anayeleta ugonjwa wa usingizi, hutafuta ng'ombe kwa harufu, tena huvutwa na rangi ya buluu. Kwa hiyo, huko Nguruman, watu walishona mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, wakaweka karibu mkojo wa ng'ombe. Mbung'o aliingia akidhani amepata ng'ombe, asitoke tena.

Na viwavi wa mahindi? Mama yao ni nondo. Usiku hunusa mimea, apate kuchagua mahali pa kutaga mayai. Katika miaka ya 1990, wachunguzi wa nyumba ile walipanda kati ya mahindi jani liitwalo desmodiumu. Nondo huchukia harufu yake, hukimbia. Kandokando ya shamba walipanda matete. Nondo huyapenda, hutaga humo, lakini viwavi wengi hufa kwa utomvu wake. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe.

Odhiambo alikufa mwaka wa 2003. Kituo cha wadudu cha Mbita, kando ya ziwa Victoria, chaitwa kwa jina lake.

Maulizo
1. Mdudu hunusa kwa nini?
2. Kwa sababu gani mbung'o aliingia mtegoni?
3. Shambani kwenu mna wadudu gani? Watazame vema, kisha ueleze wanachofuata.