Carl Peters: Aliyepandisha bendera bila kuwauliza wenye nchi

Ukitoka Dumila kwenda Kilosa, mkoani Morogoro, unapita Msowero. Wengi tunalijua jina hilo tangu darasani kwa sababu ya Chifu Mangungo, ambaye hadi leo hutajwa kila watu wanapolalamikia mikataba mibovu. Mtu aliyemletea mkataba huo hatajwi sana. Huyo ni Mjerumani Carl Peters.

Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 huko Neuhaus, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma historia, kisha akakaa London kwa mjomba wake. Huko aliona jinsi Uingereza ilivyotajirika kwa makoloni, naye akataka nchi yake iwe na ya kwake. Machi 1884 alianzisha chama cha kutafuta makoloni mjini Berlin.

Novemba mwaka huohuo alifika Zanzibar na wenzake wachache. Hakutumwa na serikali. Berlin ilimjulisha kwamba asitarajie ulinzi wake. Hata hivyo alivuka bahari hadi Saadani, akaingia bara. Kwa wiki chache tu alikusanya mikataba Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Sehemu kubwa ya maeneo hayo leo ni mkoa wa Morogoro: milima ya Nguru iko Mvomero, Usagara ni upande wa Kilosa, na Ukami ni nchi iliyo chini ya Milima ya Uluguru.

Utaratibu wake ulikuwa uleule kila alikopita. Kwanza zawadi na pombe, wakati mwingine na kuchanjia udugu. Kisha karatasi ikasomwa, chifu akaweka alama yake. Mwisho bendera ya Ujerumani ikapandishwa na bunduki zikapigwa hewani. Mkataba wa Mangungo ni wa tarehe 29 Novemba 1884. Ulizungumzia urafiki wa milele, lakini humohumo ukasema chifu ametoa nchi yake yote kwa chama cha Peters.

Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Asiyesoma lugha hiyo alibaki kutegemea maneno ya mkalimani. Isitoshe, katika Usagara na Uluguru ardhi ilikuwa ya koo, wala haikuwa mali ya mtu mmoja kumpa mgeni. Kwa mwenyeji, kile kitambaa juu ya mti kingeweza kuonekana kama alama ya urafiki. Kwa Peters kilikuwa hati ya umiliki.

Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga, lakini Agosti manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, akakubali. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani iliyotokana na mikataba ya Peters iling'ang'ania kupandisha bendera yake Pangani, penye bendera ya Sultani. Watu wa pwani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Vita hivyo vilizimwa na jeshi la Ujerumani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Mwaka 1891 Peters alipewa madaraka ya serikali katika eneo la Kilimanjaro. Huko aliamuru mtumishi mmoja na msichana mmoja wa Kiafrika wanyongwe, na vijiji vikachomwa. Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Habari hizo zilizua kelele katika bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Alikufa tarehe 10 Septemba 1918. Wakati huo bendera yake ilikuwa imekwisha kushushwa Morogoro, kwani majeshi ya Waingereza yaliuteka mji huo Agosti 1916 na kupandisha ya kwao.

Hiyo nayo ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Usiku huo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge kileleni Kilimanjaro, mlima uleule ambao Peters alitawala chini yake.

Baada ya Muungano wa 1964 ilitengenezwa bendera tunayoiona leo kwenye ofisi za serikali na shuleni. Kijani ni ardhi na mimea yake. Bluu ni bahari, maziwa na mito. Michirizi ya dhahabu ni madini. Peters aliyataka hayo yote matatu, na karatasi zake ziliyadai. Mstari mweusi unaopita katikati ni watu, na hao ndio ambao hakuwauliza.