Habari za Mzee Songea Mbano na Asili ya Ukoo Wake

Mji wa Songea umepewa jina la mtu mmoja, Songea Luwafu Mbano, nduna mkuu wa Wangoni wa Njelu. Watoto shuleni humjua kuwa Mngoni hodari. Lakini tukitafuta mizizi ya ukoo wake, twaona ya kuwa haikuota Ungoni wala kwa Wanguni wa kusini.

Wangoni walitoka kusini ya Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835. Njiani waliteka watu wa makabila mengi, wakawafanya askari, wake na watoto wao. Ukoo wa Mbano ni wa Wakaranga, watu wa nchi iitwayo sasa Zimbabwe. Basi nguzo ya Ungoni ilikatwa katika mti mwingine.

Zwangendaba alipokwisha kufa huko Ufipa, watu wake waligawanyika. Baadhi yao walifika nchi yetu, wakawakuta Wangoni wa Maseko, ambao Wandendeule walikuwa chini yao. Vita vikatokea, hata Wamaseko wakafukuzwa ng'ambo ya Ruvuma. Wandendeule wengine walikimbilia kaskazini, nao ndio asili ya Wambunga wa Kilombero. Waliosalia waliingia katika milki ya Wangoni. Watu walioingizwa hivyo waliitwa sutu, nao wakazidi Wangoni wenyewe kwa wingi.

Unkosi wa Njelu ulikuwa wa ukoo wa Gama. Songea alikuwa nduna tu, walakini nguvu zake zilivuma kote. Wadachi walipojenga boma lao karibu na makao yake mwaka 1897, waliliita kwa jina lake. Vita vya Maji Maji vilipofika mwaka 1905, alipigana nao, na mwaka 1906 wakamnyonga, kama walivyowanyonga wakuu wengine wengi. Wazao wake husema kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ulaya. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana nao, akaomba radhi, akaahidi kwamba kitatafutwa.

Nasi wa Lusewa twajifunza nini? Katika nyumba zetu nyingi babu ni Mngoni, bibi ni Mndendeule, na wajomba ni Wayao. Wako wanaojisifia upande mmoja na kuuficha mwingine, kwa kuona haya kuwa mzee wao alikuja kwa kutekwa. Lakini amfichaye bibi yake hujikata nusu. Mtu ambaye mji mzima waitwa kwa jina lake, naye alikuwa mzao wa watu waliochukuliwa njiani, wala heshima yake haikupungua.

Kwa hiyo twawasihi walimu wawatume watoto kwa wazee, waulize ukoo wa baba na ukoo wa mama pia, majina na mahali walipotoka, wayaandike daftarini. Wazee wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa huzikwa pamoja nao.