Mfalme Aliyengojwa Akiwa Tumboni

Katika mirathi yetu, maiti akiacha mke mwenye mimba, fungu la mimba huwekwa mpaka mtoto azaliwe. Akizaliwa hai, hurithi. Lakini ufalme haugawanyiki mafungu. Basi hufanywaje mrithi akiwa bado tumboni? Khabari ya Alfonso wa Kumi na Tatu, mfalme wa Hispania, yatuonyesha.

Baba yake alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Novemba 1885, naye ni wa miaka 27. Aliacha binti wawili wadogo na mke mwenye mimba, Maria Christina, mzaliwa wa Austria. Kwa katiba ya mwaka 1876, mwana wa kiume hutangulizwa mbele ya dada zake. Lau angalitawazwa binti mkubwa, Mercedes, wa miaka 5, kisha akazaliwa ndugu wa kiume, ingalibidi avuliwe taji. Kwa hiyo hakutawazwa mtu. Kiti kilikaa kitupu karibu miezi 6, na mjane akala kiapo mbele ya Bunge kukilinda kwa ajili ya atakayestahiki. Wapinzani wa ufalme walikuwa wengi. Kwa kuchelea fitina, waziri mkuu Cánovas alijiuzulu akamwachia serikali mshindani wake, Sagasta.

Tarehe 17 Mei 1886 alizaliwa mtoto mwanamume, akawa mfalme papo hapo. Mama yake alimshikia ufalme miaka 16. Katika muda huo, mwaka 1898, Hispania ilishindwa na Marekani ikapoteza Cuba, Puerto Rico na Filipino. Lakini kiti hakikutikisika, naye akamkabidhi mwanawe mwaka 1902.

Alfonso aliapa kuihifadhi katiba. Mwaka 1921 majeshi yake yalivunjwa huko Anwal na Waislamu wa Rif, chini ya Abdul-Karim al-Khattabi. Mwaka 1923 Jenerali Primo de Rivera alipindua serikali, na mfalme akaridhia katiba iwekwe kando. Watu hawakusahau. Aprili 1931 aliihama nchi bila ya vita, akafa Rome mwaka 1941.

Mama alishika amana ya mwingine akairejesha. Mwana alishika iliyo yake, ikamponyoka. Nasi tulio na mali za mayatima mikononi na tuzingatie: kumwekea mtoto haki yake ni wajibu, na kumlea ajue kuitunza ni wajibu wa pili, wala huo wa kwanza hautoshi peke yake.