Maisha ya Mahjub bin Adam

Kijana wa Lusewa akipewa kusoma kitabu cha Anne Frank, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1947, kisha akaulizwa amejifunza nini, mara nyingi atajibu kwa hesabu: Wayahudi milioni 6 waliuawa, vita vikaisha mwaka 1945. Jibu ni sahihi, naye atapata alama zake. Walakini mwalimu hajajua bado kama kijana amefahamu alichokisoma. Kwa ajili hiyo twawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu wa Dar es Salaam aliyekufa katika kambi ya Hitler, maana twaona ni kipimo bora kuliko hesabu.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari katika jeshi la Wajerumani, hata akapata cheo cha efendi. Vita vilipoanza mwaka 1914 Mahjub alikuwa mtoto wa miaka 10 tu, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akashikwa na Waingereza.

Hapo kijana wa nchi ya Songea atasita, na ni haki asite. Jeshi lile lile ndilo lililozima vita vya Maji Maji huku kwetu, likateketeza vyakula hata watu wakafa kwa njaa; na tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa pale Songea. Basi, mbona tumlilie mwana wa askari? Mwalimu asilikimbie swali hili. Sisi twaona ndilo swali la kwanza la mtihani.

Mahjub alifanya kazi ya utumishi katika merikebu, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Wakubwa wa serikali wakamjibu ya kuwa amechelewa. Hakurudi kwao. Akapata kazi ya kuandaa meza katika nyumba kubwa ya starehe, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwezi wa Januari 1933 akaoa mwanamke wa huko, jina lake Maria. Siku chache tu baadaye, tarehe 30, Hitler akashika serikali.

Tangu hapo mabaya hayakuja kwa kishindo, na hili ndilo tunalotaka msomaji alizingatie. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa. Mwaka 1935 zikatolewa sheria za Nürnberg za kuwatenga Wayahudi, nazo zikatumiwa juu ya watu weusi pia. Mwaka ule ule akapoteza kazi yake ya mezani. Alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa malipo kidogo, akaigiza katika sinema zaidi ya 20. Ya mwisho, iliyotoka mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule aliyefukuzwa katika utumishi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake kule Kilimanjaro. Je, alikuwa amedanganywa, au alitafuta chakula cha watoto? Huenda yote mawili. Kijana anayemwita mjinga na kuliacha neno hapo, hajasoma vya kutosha.

Mwezi wa Agosti 1941 polisi wa siri wakamkamata kwa kuwa na mwanamke Mjerumani nje ya ndoa yake. Hatumsifu kwa hilo. Lakini hakukamatwa kwa ajili ya uzinzi. Alikamatwa kwa ajili ya rangi yake. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa humo miaka 3 na zaidi, hata akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Mwanafunzi atakayeandika ya kuwa Mahjub alikuwa Myahudi, hakufahamu. Wayahudi waliwindwa ili asibaki hata mmoja, mzee wala mtoto mchanga. Watu weusi wa Ujerumani walikuwa wachache, wakateswa kwa njia nyingine. Na yule atakayeandika ya kuwa kifo hiki hakihusu habari za Wayahudi, naye hakufahamu, maana elimu ile ya uongo iliyowapima wanadamu kwa damu yao ndiyo iliyowaua hawa na yule.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba lilitiwa njiani kule Berlin, mbele ya nyumba alimokaa. Lina jina lake, mwaka wa kuzaliwa, na habari ya kifo chake, wala hapana nafasi ya zaidi. Walimu na makatekista wanaowasaidia vijana katika masomo wawape maneno hayo machache, kisha wawaambie waandike yote yaliyoachwa, toka Dar es Salaam hata Mahiwa, na toka Mahiwa hata Sachsenhausen, wala wasiiache njaa ya Songea.